Rangi ya Kijani Ilivyoteremka Kona Baridi

Kabla ya Machi 2007, fedha za kijana aliyeajiriwa Nairobi zilimfikia mamake kule chini Magadi zikiwa ndani ya bahasha. Bahasha hiyo alikabidhiwa makanga, akaitia mfukoni, gari likapita Ong'ata Rongai na Kiserian, likafika Kona Baridi ambako upepo wa Milima ya Ngong hauna mapumziko, kisha likaanza kuteremka Bonde la Ufa kuelekea Kisamis na Oltepesi. Waliokuwa na jamaa anayerudi nyumbani walimpa yeye. Wengine walipanga foleni posta kununua hawala. Mara nyingine bahasha ilipotea, mara nyingine ilifika imepunguzwa, na aliyeituma hakuwa na pa kushtaki.

Leo ukipita barabara hiyo hiyo utaona kuta za maduka zilizopakwa kijani, na juu ya mlango namba ya wakala. Simulizi ya M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu ya kampuni ya Safaricom yenye rangi hiyo, imeandikwa mara nyingi kama simulizi ya mtambo: simu, kadi, programu. Mitambo ilikuwepo, ni kweli. Lakini rangi haikujipaka ukutani, na mama wa Oltepesi hakuamini simu kwa sababu mhandisi fulani alimwambia aiamini. Kati ya Safaricom na mama yule kulikuwa na watu ambao historia huwapita haraka: kampuni za matangazo na mawasiliano zilizopewa kazi na mteja, zikatumwa barabarani.

Kazi ya namna hiyo haikuzaliwa na simu. Tangu enzi za ukoloni wateja wakubwa wa matangazo nchini walikuwa wenye viwanda. East Africa Industries ilikuwa na Blue Band, Kimbo na Omo; Kenya Breweries, iliyoanzishwa mwaka 1922, ilikuwa na Tusker. Bidhaa hizi zilitangazwa katika gazeti la Baraza lililoanza mwaka 1939, baadaye katika redio ya Sauti ya Kenya, na kwa magari ya sinema yaliyofika sokoni jioni, yakatundika kitambaa cheupe na kuonyesha filamu yenye tangazo la sabuni katikati. Kwa muda mrefu kampuni zilizobuni matangazo hayo zilikuwa na mizizi yake London au New York. Mkenya Bharat Thakrar alipoanzisha Scanad mjini Nairobi mwaka 1982, aliingia katika uwanja ambao wenyeji walikuwa wachache kileleni. Agosti 2006 kampuni yake, ikiwa sasa Scangroup, iliuza hisa kwa umma kwa bei ya shilingi 10.45 na kuingia katika Soko la Hisa la Nairobi. Miezi saba baadaye M-Pesa ikazinduliwa.

M-Pesa haikuanza kama huduma ya kutuma fedha nyumbani. Nick Hughes wa Vodafone, kampuni ya simu ya Uingereza iliyokuwa mbia wa Safaricom, alipata karibu pauni milioni 1 kutoka mfuko wa serikali ya Uingereza, Vodafone nayo ikaongeza za kwake, ili kutafuta njia ya kuwawezesha watu wa kipato cha chini kulipa mikopo midogo kwa simu. Jaribio lilianza Oktoba 2005, likiendeshwa na Susie Lonie pamoja na Safaricom na shirika la mikopo la Faulu Kenya, katika sehemu za Nairobi na mji wa Thika. Wateja hawakufika 500. Walipewa simu, wakafundishwa kulipa mikopo yao, na wakaanza kuitumia kwa mambo ambayo hakuna aliyewaagiza. Walitumiana fedha. Mtu aliweka pesa kwenye simu Thika kabla ya safari, akazitoa alipofika, ili asiporwe njiani. Mume alimtumia mke.

Hapo ndipo uhusiano wa mteja na watu wake wa mawasiliano hupimwa. Mradi ulikuwa na wafadhili, ulikuwa na maelekezo yaliyoandikwa, ulikuwa na mshirika mmoja aliyetaka mikopo yake ilipwe. Ingekuwa rahisi kuwaambia wateja wale kwamba wanatumia huduma vibaya. Badala yake suala la mikopo likawekwa kando, na huduma ikazinduliwa tarehe 6 Machi 2007 kwa ujumbe mmoja wa maneno matatu: "Send Money Home", yaani tuma pesa nyumbani. Naona kwamba huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika historia ya matangazo ya Kenya, na haukutoka kwenye chumba cha wabunifu. Ulitoka kwa wakopaji wadogo waliofanya walichohitaji, na kwa Safaricom, mteja aliyekubali kubadilishwa mawazo nao.

Tangazo la mwanzo lilimwonyesha kijana wa mjini, mtanashati, mwenye kazi, akiwatumia wazazi wake fedha kijijini. Hakuonyeshwa maskini. Ignacio Mas na Amolo Ng'weno, walioichambua chapa, mawakala na bei za M-Pesa mwaka 2010, waliona hekima katika chaguo hilo: huduma ikiwa imetambulishwa kama ya wanyonge, hata mnyonge huikwepa. Baadaye, watu walipokwisha kuizoea, picha zilibadilika, wakaja wauza mboga na mafundi, watu wa kawaida.

Ila tangazo la televisheni halikufika kila boma la Kajiado Magharibi, kule barabara ya Magadi inakopita. Huko kulihitajika kazi ya miguu.

Safaricom ilianza na maduka 750, na ikahakikisha kwamba makao makuu ya wilaya zote 69 za wakati huo yana wakala. Kajiado ilikuwa mojawapo. Kila duka lilipaswa kufanana na jingine: kijani ile ile, bango la bei lile lile. Kuweka fedha kulikuwa bure. Kutuma kwa aliyesajiliwa kuligharimu shilingi 30, iwe unatuma mia tano au elfu kumi. Kutoa kulianzia shilingi 25. Bei hizo zilibandikwa pale ambapo mteja angeziona kabla ya kufungua mdomo, jambo kubwa katika nchi ambayo benki zilikuwa hodari wa kuficha makato yao kwenye karatasi za nyuma.

Kuhakikisha bango halijang'olewa na kwamba karani anaijua kazi ilikuwa jukumu la kampuni ya Nairobi inayoitwa Top Image. Hiyo ilikuwa kampuni ya kutangaza bidhaa mitaani, ana kwa ana. Haikuwa ya kubuni matangazo ya televisheni. Safaricom iliikabidhi mafunzo na usimamizi wa maduka ya M-Pesa. Wafanyakazi wake walizuru kila duka angalau mara moja kila wiki mbili na kulipima. Je, rangi na mabango yako mahali pake? Daftari la miamala limejazwa sawasawa, kila mteja ameandikwa na kutia sahihi? Wakala ana floti ya kutosha, yaani thamani iliyo kwenye simu? Ana fedha taslimu?

Maswali mawili ya mwisho ndiyo yaliyobeba mradi mzima, na Kajiado, ambayo sasa ni kaunti, inaonyesha vizuri kwa nini. Kitengela ni mji uliokua kwa kasi karibu na viwanda vya Athi River, ambako eneo la kuzalisha bidhaa za kuuza nje lilifunguliwa katika miaka ya 1990. Mwisho wa mwezi wafanyakazi wanataka kutuma fedha makwao. Wanaleta noti, wakala anazipokea na kuwapa thamani yake kwenye simu. Kufikia jioni sanduku limejaa noti na simu haina kitu: floti imekwisha. Nenda Bissil siku ya mnada wa mifugo na mambo ni kinyume. Aliyeuza ng'ombe amelipwa kwa simu na anataka fedha mkononi anunue unga, sukari na dawa ya kuogesha mbuzi kabla ya kurudi bomani. Wanaotoa ni wengi, wanaoweka ni wachache, na kufikia saa nane wakala hana noti hata moja.

Mtu aliyetembea kilomita kumi na tano kuja kutoa pesa za mwanawe, akaambiwa arudi kesho, haendi nyumbani akisema wakala ameishiwa. Anasema M-Pesa ni uongo. Tangazo zuri kiasi gani litaponya hilo? Waliozuru maduka kila wiki mbili walijua, na waliyoyaona yalirudi kwa mteja. Pauline Vaughan, aliyeiongoza M-Pesa ndani ya Safaricom katika miaka yake ya mwanzo, aliandika kuhusu mafunzo ya siku hizo, na suala la mawakala lina uzito katika maelezo yake. Mpango wa mawakala wakuu wa kugawa floti na fedha kwa walio chini yao ulijengwa juu ya shida za namna hii. Ndiyo maana nasema watu wa Top Image, waliorudi Nairobi viatu vikiwa na vumbi jeupe la Kajiado, walikuwa sehemu ya huduma yenyewe. Walimsaidia mteja kutimiza ahadi aliyokwisha kuitangaza.

Imani ilijaribiwa mapema. Mwanzoni mwa 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipofunga barabara, watu waliokwama waliishi kwa fedha na salio walilotumiwa kwa simu. Desemba mwaka huo aliyekuwa kaimu waziri wa fedha, John Michuki, aliagiza M-Pesa ikaguliwe, wakati benki zilipokuwa zikilalamika. Ukaguzi ulipita salama. Hapakutokea watu kukimbilia madukani kutoa fedha zao.

Mshindani wa Safaricom hakuwa na bahati hiyo ya kutulia. Kencell iliyoanza mwaka 2000 ikawa Celtel mwaka 2004, ikawa Zain mwaka 2008, ikawa Airtel mwaka 2010. Majina manne katika miaka 10, na kila mara mmiliki mpya alikuja na nembo yake na rangi yake. Fikiria maana yake kwa mwenye duka barabara ya Magadi: mafundi wanakuja na ngazi, wanafuta jina la jana, wanapaka la leo. Mteja wa simu aliyekuwa ameanza kulizoea jina anaanza upya. Wabunifu wa matangazo hayo hawakuwa wabaya hata kidogo, baadhi ya kazi zao zilipendeza kuliko za kijani. Walichokosa ni mteja anayekaa.

Kukaa huko kwa mteja kuna bei yake. Kampuni ya matangazo hujua siri za mteja kabla ya umma: bei mpya, bidhaa ijayo, udhaifu wake. Kwa hiyo hakuna kampuni ya simu inayokubali ihudumiwe na watu wale wale wanaomhudumia mshindani. Hiyo ni sababu kubwa ya Scangroup kukua kwa kuwa na nyumba nyingi chini ya paa moja, kila nyumba na jina lake na wateja wake. Kampuni ya Uingereza ya WPP ilinunua sehemu ya hisa mwaka 2008 na kuchukua zaidi ya nusu mwaka 2013. Thakrar mwenyewe aliondoka mwaka 2021, na mwaka uliofuata Patricia Ithau akashika usukani.

Na kijani nayo ilikuwa na upande wake mgumu. Kwa miaka saba wakala wa M-Pesa hakuruhusiwa kuhudumia kampuni nyingine. Rangi iliyomwongoza mama wa Oltepesi mahali pa kuaminika ilikuwa pia ua la kumzuia mshindani asiingie. Airtel ililalamika, na Julai 2014 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliamuru masharti hayo yaondolewe. Tangu hapo duka moja huweza kuwa na kijani upande huu wa mlango na nyekundu upande ule. Nadhani amri hiyo ilichelewa. Mawakala wadogo ndio waliobeba hatari ya fedha, na wao ndio waliofungiwa wasitafute riziki ya pili.

Kuna jambo jingine ambalo bado halijatatuliwa. Kwa desturi, mwenye duka anayekubali ukuta wake upakwe hupata rangi ya bure na jina la duka lake juu ya nembo. Kampuni hupata bango lisilolipiwa kodi ya mwezi, linaloonekana na kila gari linalopita. Mwenye bango la chuma kando ya barabara hulipwa kwa mkataba. Mwenye ukuta hupata mkebe wa rangi, na rangi ikichujuka kwa jua la bondeni husubiri mpaka mafundi watakapokumbuka kupita. Kampuni za matangazo ndizo zinazoandika bajeti hizo, mstari kwa mstari, na kumpelekea mteja aziidhinishe. Ndani yake pamekuwa na nafasi ya ngazi, mafuta ya gari, posho ya mafundi na lita za rangi. Mstari wa mwenye ukuta unaweza kuongezwa katika bajeti ijayo, na wanaojua bei ya haki ni wale wale waliozuru maduka hayo kila wiki mbili.