Mchicha wa Usiku

Kwa wale ambao hawajawahi kufika Ngara, "mchicha wa usiku" si mboga ya majani. Ni swala. Au pongo, au tohe, au nyamera, na siku nyingine kipande cha nyati. Ni nyama ya pori iliyouzwa gizani, ikapikwa gizani na kuliwa gizani katika kambi za wakimbizi mkoani Kagera miaka ya 1990. Kiswahili chetu kinajua kuficha mambo. Mboga ni chochote kinachosindikiza ugali, nyama nayo imo, kwa hiyo aliyeuliza "leo mna mchicha?" hakusema uongo hata kidogo.

Historia ya mchicha huu husimuliwa nusu. Nusu tunayoisikia ni kwamba wakimbizi walikuja, wakala wanyama, pori likabaki tupu. Ni kweli, lakini ndugu msomaji, ukiishia hapo utakuwa umemuona mlaji tu. Mpishi, muuzaji na aliyesababisha njaa utakuwa hujawaona. Mimi naona tuanze na kisu.

Kumchinja na kumwandaa swala nyumbani ni kazi yenye hatua zake, na hatua hizo haziruki. Mnyama akishaanguka, muda unaanza kukimbia. Joto la mwili wake likibaki ndani, nyama inaharibika kuanzia ndani, kwa hiyo tumbo hufunguliwa mapema. Kisu hupita juu juu kutoka kifuani kushuka chini, ncha ikielekezwa nje, maana ukitoboa utumbo au kibofu umejiharibia kitoweo. Maini, moyo na figo hutolewa kwanza na ndivyo huliwa kwanza, kwa sababu havikai. Ngozi huvuliwa kwa ngumi zaidi kuliko kwa kisu, na mchunaji mzoefu haruhusu manyoya yaguse nyama, kwa kuwa harufu ile kali ambayo watu wa mjini huilalamikia mara nyingi ni ya manyoya na tezi za mnyama.

Kisha kuna kukausha. Nyama ya swala haina mafuta mengi kama ya ng'ombe, na hilo ndilo linaloifanya ikauke vizuri. Hukatwa vipande virefu vyembamba kufuata nyuzi za msuli, ikatiwa chumvi kama ipo, ikatandazwa juu ya chanja, chini yake moto mdogo wenye moshi mwingi. Ikikauka inakuwa imepoteza zaidi ya nusu ya uzito wake. Mzigo uliohitaji wanaume wawili sasa unabebwa na mmoja, na unakaa wiki kadhaa bila friji. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

Kwa karne nyingi kazi hii ilifanywa mchana. Katika jamii nyingi za wawindaji wa ukanda wetu, mnyama hakuwa wa mtu mmoja. Aliyechoma mkuki wa kwanza alikuwa na fungu lake, mwenye mbwa lake, wazee lao. Mgawanyo ulifanyika hadharani ili kila mtu aone. Sisemi kwamba mababu zetu walikuwa wataalamu wa hifadhi. Nasema kwamba kuna kiasi cha nyama ambacho kijiji kinaweza kula, na baada ya hapo hakuna sababu ya kwenda porini kesho.

Wajerumani ndio waliobadilisha kwanza. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji kwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, akaleta leseni na maeneo ya kwanza yaliyokatazwa kuwindwa. Waingereza wakaendeleza. Serikali huru nayo ikapitisha Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 1974, kisha ile ya mwaka 2009. Mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yakawa mapori ya akiba. Tangu hapo mtego wa waya, shimo na mbwa wa kuwindia vikawa makosa. Halali ikawa bunduki na leseni, vitu ambavyo mkulima wa Nyakahura hana na hajawahi kuwa navyo. Swala wake wa mara moja kwa miezi akaanza kuchunwa jioni badala ya mchana. Lakini bado alikuwa swala wa chungu kimoja.

Halafu ikaja Aprili 1994.

Tarehe 28 na 29 Aprili, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara kwa muda wa takribani saa 24. Kabla yao walikuwa wameanza kuja Warundi, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993. Mahali paliposhikwa jina la kampuni ya Kiitalia ya ujenzi wa barabara, Benaco, pakageuka ghafla kuwa mji. Zikafuata Lumasi, Musuhura, Lukole na nyingine. Wageni wakawazidi wenyeji wa wilaya kwa idadi. Miti ikaanza kurudi nyuma kutoka kambini, mwaka hadi mwaka, kwa sababu kila mtu alihitaji kuni.

Watu hawa walikula nini? Mgawo wa kawaida ulikuwa mahindi, maharage, mafuta na chumvi. Kwenye karatasi za wafadhili, nguvu ya mwili ilitosha. Nyama haikuwemo. Jiulize mwenyewe, wewe unayesoma hapa, ungekula mahindi na maharage kwa miezi mingapi kabla hujaanza kumtafuta mtu mwenye kitu kingine? Na hawa walikuwa watu waliozoea nyama kwao. Walikuwa na watoto, wajawazito na wagonjwa.

Upande mmoja wa barabara, basi, kulikuwa na mamia ya maelfu ya watu wasio na nyama. Upande wa pili kulikuwa na mapori ya akiba. Katikati kulikuwa na silaha zilizovuka mpaka pamoja na vita. Wasafiri wa miaka ile wanalikumbuka pori la Kasindaga, ambako mabasi yalipita kwa msafara yakisindikizwa na polisi. Bunduki inayoweza kusimamisha basi haishindwi na nyati.

Mwanzoni mwa 2008 shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya wanyamapori duniani, lilitangaza ripoti kuhusu suala hili na kuipa jina hilohilo la mchicha wa usiku. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, katikati ya miaka ya 1990 karibu tani 7.5 za nyama haramu ya pori zililiwa kila wiki katika kambi kuu mbili. Tufanye hesabu ya kijiweni. Swala pala mmoja wa kilo 50 anatoa kama kilo 25 za nyama. Tani 7.5 ni sawa na swala 300. Kila wiki.

Matokeo yake porini yako kwenye ripoti hiyohiyo. Nyati wa Burigi walikadiriwa kuwa 2,670 mwaka 1990. Baadaye walikadiriwa kuwa 44. Kongoni walikuwa 324, hawakuonekana tena hata mmoja.

Sasa rudi kwenye chanja. Kukausha, ustadi ambao mababu waliutumia ili kitoweo kisiozee nyumbani, ndio uliowezesha biashara. Nyama iliyokauka ilisafiri. Iliingia kambini ndani ya gunia la mkaa au chini ya mzigo wa kuni. Mchunaji hakuwa tena na muda wa kuchagua fungu la nani, alikata haraka gizani, akachukua mapaja na mgongo, vingine akawaachia fisi. Hakuna mganga wa mifugo aliyepima nyama ile, kwa hiyo mtu angeweza kununua kimeta kwa pesa yake mwenyewe bila kujua. Lakini ilikuwa rahisi kuliko nyama ya ng'ombe, na mwenye watoto haulizi maswali mengi.

Wauzaji hawakuwa wakimbizi peke yao. Wenyeji waliozijua njia za pori walikuwemo, na wanunuzi wa vijijini pia. Soko halikuuliza uraia. Ndiyo maana Wanyarwanda waliporudishwa kwao Desemba 1996, uwindaji haukuondoka nao kwenye malori.

Mimi nadhani somo la Ngara na Biharamulo liko hapa. Chungu hakikumaliza wanyama, waliomalizwa na soko. Na soko lile halikuzaliwa na ulafi wa watu fulani bali na pengo: dunia ilileta watu robo milioni mahali pamoja, ikawapa mahindi, ikaondoka ikiamini suala la chakula limekwisha. Pori la Burigi ndilo lililolipa deni.

Wamarekani walipita njia hii kabla yetu. Karne ya 19 wawindaji wa biashara walikaribia kuwamaliza kulungu wa nchi ile kwa kulisha masoko ya miji. Mwaka 1900 ikaja sheria ya Lacey dhidi ya kusafirisha wanyama waliowindwa kinyume cha sheria, na majimbo yakapiga marufuku kuuza nyama ya mnyama wa kuwindwa. Leo Mmarekani mwenye leseni anampiga kulungu wake, anamchuna nyuma ya nyumba, anajaza friji. Akijaribu kumuuza, anashitakiwa. Wao walitenganisha kula na kuuza.

Sisi tulikwenda upande mwingine. Mwaka 2020 serikali ilitoa kanuni za mabucha ya nyamapori, na mtu wa Dodoma akaweza kununua nyama ya pori kwa risiti. Ni hatua nzuri, siipingi. Hata pori lenyewe limepanda cheo: Julai 2019 Rais John Magufuli alizindua Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyounganisha Biharamulo, Burigi na Kimisi. Lakini mwanakijiji akikutwa na vipande vya nyama ya swala ndani ya sufuria, kisheria ni nyara ya serikali, na thamani inayopelekwa mahakamani ni ya mnyama mzima. Hukumu za miaka 20 jela kwa kosa la aina hii zimetolewa hapa nchini. Mwenye sufuria na mwenye gunia 40 wanasimama kizimba kimoja.

Kuna watakaosema nikiwafungulia wanavijiji mlango huu, kesho hakuna swala. Hoja yao ina uzito. Watu wa Ngara na Biharamulo wa leo ni wengi kuliko wa wakati wa mikuki, na chungu kikizidishwa mara laki moja kinakuwa soko. Sidai kila mtu aingie porini na panga. Ninachodai ni kwamba sheria ijue kutofautisha mboga na biashara, na kwamba siku wakimbizi wakija tena, maana mpaka wetu huu haujawahi kukaa kimya muda mrefu, mtu mwenye kalamu ya mgawo akumbuke kuandika kitoweo. Kilo chache za dagaa wa Ziwa Victoria kwa kila familia ni bei ndogo sana ukilinganisha na nyati 2,626.