Besi Haikuwa Mali ya Mpigaji

Vijana wapenda muziki wa siku hizi hunishangaza wanapokutana. Mmoja atatoa gita lake la besi mfukoni mwake, mwenzake naye atatoa lake, na papo hapo ubishi utaanza: shingo hii nyembamba, ile nene, hili lina sauti kavu, lile lina sauti nzito kama ya pipa. Nawasikiliza kwa furaha, na nisiwe mnafiki, kwa wivu kidogo pia. Sisi tuliocharaza gita zito hapa Mwanza katika miaka ya 1970 na 1980 hatukuwa na cha kulinganisha isipokuwa vidole. Gita lilikuwa moja, nalo lilikuwa la mwenye vyombo.

Kwa msomaji asiyeijua dunia ya dansi, nieleze. Enzi zile bendi nyingi zilikuwa na wenyewe, na wenyewe hao hawakuwa wanamuziki. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Polisi na Jeshi la Kujenga Taifa walikuwa na bendi zao, na matajiri wenye baa walikuwa na zao. Mwenye magita na amplifaya ndiye aliyekuwa na bendi. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima alipowavuta baadhi ya nyota wa Mlimani Park wakaunda International Orchestra Safari Sound, walihama na sauti zao na vidole vyao. Vyombo vilibaki vilipokuwa. Mpiga besi alikuwa kama dereva wa basi la kampuni: anaujua kila mlio wa injini, lakini usiku anarudisha ufunguo.

Besi yenyewe si chombo cha zamani. Leo Fender alianza kuiuza huko California mwaka 1951. Kabla yake wapigaji wengi walihangaika na zeze kubwa la kusimama, ambalo halikupanda gari kwa urahisi wala halikusikika vizuri mbele ya tarumbeta. Yeye akaweka nyuzi 4 kwenye ubao usio na tumbo, urefu wa uzi ukiwa milimita 864, na vipande vya chuma shingoni ili kidole kisikosee mahali pake. Vipande hivyo sisi tuliviita freti. Chini ya nyuzi kuna sumaku zilizoviringishiwa waya mwembamba wa shaba, ambazo tuliziita pikapu. Hiyo si gari.

Lakini sauti nene katika pwani ya ziwa letu ni ya zamani kuliko Fender na babu yake. Wakurya wana iritungu, chombo cha nyuzi 8 chenye mngurumo unaousikia kifuani kabla ya masikioni. Wajaluo wana nyatiti. Sisi Wasukuma tuna ngoma kubwa za bugobogobo, na tuna Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wachezaji vilivyoshindana tangu karne ya 19 kuona nani atavuta watu wengi zaidi. Kwa hiyo besi ya umeme ilipotufikia haikuwa mgeni sana.

Kijana wa Mwanza alikuwa na shule mbili. Ya kwanza ilikuwa dansi la Dar es Salaam, lenye damu ya Kongo na Kuba, tulilolipata kwa Radio Tanzania. Huko tulimsikiliza Suleiman Mwanyiro wa Mlimani Park, waliyemwita Computer, anavyoruka pigo ambalo mtu mwingine angeligonga, nawe ukajikuta unalipiga mwenyewe kwa mguu. Ya pili ilikuwa benga, iliyotoka mashariki ya ziwa. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, mkoani Mara, alivuka akaenda kujijengea jina Kenya na bendi yake ya Shirati Jazz, hadi alipofariki katika ajali ya gari mwaka 2006. Katika benga besi haikai nyuma kama mzee kigodani. Inakimbizana na solo, inakatiza, inajibu. Mpigaji wa kwetu aliyekulia katikati ya shule hizi mbili alitambulikana. Wenzetu wa Dar walituambia tuna haraka. Pengine walisema kweli.

Jambo moja hunichekesha hadi leo. Tulijifunza besi kwenye redio zisizoweza kutoa besi. Uzi mnene kabisa hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, na spika ya redio ndogo ya betri haiwezi kabisa kuitoa sauti hiyo. Tulichosikia ni mwangwi wake wa juu, sikio likajazia lenyewe kilichopungua. Mimi niliweka redio ya baba juu ya debe tupu, na hapo nilipata angalau kivuli cha Mwanyiro.

Sasa nije kwenye nyuzi, maana historia yetu yote imo humo. Mpaka katikati ya miaka ya 1970 nyuzi zilitoka Kenya. Meli ya Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, iliizunguka bandari kwa bandari, Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell, na baharia mwema aliweza kukuletea seti moja ndani ya soksi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Ikafuata vita ya Kagera, kisha miaka ya kutafuta sabuni na sukari kwa foleni. Nani angetoa fedha za kigeni kwa ajili ya uzi wa gita?

Tukageuka mafundi kwa lazima. Nyuzi za zamani tulizichemsha kwenye sufuria kutoa jasho na mafuta; zikitoka zinalia vizuri siku 3 au 4, halafu zinafa tena. Uzi mwembamba ukikatika tuliweka waya wa breki ya baiskeli, nao Usukumani haukukosekana. Ulilia, lakini ulisaga freti kama tupa. Mwenzetu mmoja aliyetoka kwenye nyatiti alinunua mshipi mnene wa nailoni kwa wavuvi, akaufunga, akapiga, kimya. Tulimcheka sana kabla ya kuelewa sababu: sumaku haijui nailoni, inajua chuma tu.

Mwaka 1982 tukirudi kutoka kwenye dansi upande wa Magu, lori lilirushwa na shimo, besi ikaanguka na shingo ikavunjika vipande viwili. Lilikuwa gita la Kijapani ambalo jina lake lilikwisha kufutika kwa jasho la waliotangulia. Mwenye vyombo alisema nitakatwa mshahara mpaka lilipwe. Sikulala usiku ule. Asubuhi nikalifunga kwenye kanga, nikaenda Igombe kwa mzee mmoja fundi mitumbwi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, ng'wanawane. Umemleta mgonjwa gani?"

Alilitazama muda mrefu. Akalaza karatasi ya mfuko wa saruji juu ya ile shingo iliyovunjika na kuweka alama ya mkaa kwenye kila freti. Akaniuliza mbona nafasi zinazidi kupungua: ya kwanza milimita 48 na nusu, ya pili kama 46, hivyo hivyo mpaka mwisho. Sikuwa na jibu wakati ule. Leo ningemwambia kwamba kila nafasi ni urefu wa uzi uliobaki kugawanywa kwa 17.817, na kwamba freti ya 12 lazima iangukie nusu kamili, milimita 432. Yeye hakuihitaji hesabu hiyo. Alichonga shingo mpya kwa mvule uliobaki kwenye mtumbwi, akachimba mfereji na kulaza humo ile fimbo ya chuma ya zamani, kwa kuwa nyuzi 4 huvuta kwa nguvu ya kama kilo 70. Freti akazing'oa kwa koleo na kuzipanda upya moja moja. Kazi ilichukua wiki 2. Alikataa fedha, akaomba samaki na kiingilio cha dansi.

Gita likawa zito kuliko mwanzo na shingo yake nene kama mpini wa kasia. Lakini sauti! Noti ilikaa, haikukimbia. Wapigaji wa bendi nyingine walikuja kuomba kulijaribu wakati wa mapumziko, na kwa mara ya kwanza hapa kwetu nikawasikia watu wanabishana juu ya gita, si juu ya vidole.

Mwaka 1986 bendi ilivunjika. Wakati ule serikali ilikwisha kuruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na vyombo vipya vilianza kuingia. Nilimwendea mwenye vyombo nikamwomba niuziwe lile gita. Akataja bei ya gita jipya. Nikamwambia basi anipe shingo tu, kwani haikutoka dukani. Akajibu kwamba mshahara niliokatwa ulilipia uharibifu, haukulipia gita, na fundi hakuwa na risiti. Kwa hesabu zake alikuwa sahihi. Mpaka leo sijakubali.

Mwaka 1994 niliingia kwenye kanisa moja mjini, harusi ya mpwa wangu. Kwaya ilikuwa na magita, na kabla sijaona chochote nikaisikia ile noti inayokaa. Baada ya ibada nikamwomba kijana aliyekuwa anapiga nilishike. Walikuwa wamelipaka rangi nyeusi shingo nzima, ila nyuma, pale dole gumba linapopita, rangi ilikwisha kutoka na mvule ulionekana. Kijana akaniuliza kama mimi pia huwa napiga. Nikasema zamani. Nyuzi zilikuwa mpya, zote 4 za aina moja.