Arua hadi Entebbe: umbali wa angani na muda wa safari

Kiwanja cha ndege cha Arua na kile cha Entebbe vimetengana kwa takriban kilomita 373, umbali ukipimwa kwa mstari ulionyooka. Ndege ndogo ya injini moja kama Cessna Caravan, inayokwenda kilomita 300 hivi kwa saa, huhitaji saa moja na robo angani. Upepo wa mbele au mvua huongeza dakika kadhaa. Njiani hupita karibu na ncha ya kaskazini ya Ziwa Albert.

Gari halina njia hiyo ya mkato. Kutoka Arua hushuka hadi daraja la Pakwach, likaelekea mashariki hadi daraja la Karuma, ndipo ligeuke kusini kuelekea Kampala. Hizo ni kilomita zinazokaribia 500, na Entebbe iko 40 mbele. Daraja la Karuma, lililojengwa mwaka 1963, lilipofungwa kwa ukarabati mwaka 2024, mzunguko ulizidi kurefuka, na wakazi wa West Nile waliuhisi mfukoni.

Hata hivyo, muda wa ndege si muda wa safari. Mkazi wa mji wa Arua yu jirani na kiwanja. Anayetoka Koboko husafiri kwanza kilomita 55 hivi. Akishuka Entebbe, bado kuna foleni ya magari hadi mjini. Mgonjwa anayepelekwa Mulago na ahesabu saa hizo zote kabla ya kupanga miadi yake.