Wakulima wa Kansas waliotikisa vyama vikubwa vya Marekani

Asubuhi ya tarehe 15 Februari 1893, wabunge wa chama cha Republican walifika katika jengo la bunge la jimbo la Kansas, mjini Topeka, wakakuta ukumbi umefungwa na walinzi wamesimama kuuzuia. Hawakugeuka kurudi walikotoka. Waliwasukuma walinzi, wakauvunja mlango kwa nyundo kubwa, wakaingia na kujifungia ndani. Gavana Lorenzo Lewelling, ambaye alikuwa wa upande wa pili, aliwaita wanamgambo wa jimbo, lakini kamanda wao akakataa kuwatoa Warepublikani kwa nguvu. Kwa siku kadhaa watu wenye silaha walilizunguka jengo lile, na ilionekana wazi kwamba risasi moja tu ingetosha kuzua maafa.

Ugomvi ulikuwa ni nani aliyeshinda uchaguzi wa Novemba 1892. Tangu Januari, Kansas ilikuwa na mabunge mawili ndani ya ukumbi mmoja, kila moja likiwa na spika wake na kila moja likidai kuwa ndilo halali. Mwishowe mahakama kuu ya jimbo iliwapa ushindi Warepublikani. Walioshindwa walikuwa wafuasi wa chama ambacho miaka mitatu nyuma hakikuwapo kabisa: Chama cha Umma, ambacho wanachama wake walijulikana kote nchini kama Wapopulisti.

Hasira yao ilianzia shambani. Katika miaka ya mwanzo ya 1880 mvua zilinyesha vizuri magharibi mwa Kansas, kampuni za reli zikatangaza ardhi, na maelfu ya familia zikahamia huko. Wengi walikopa kwa mabenki ya mashariki na kuweka mashamba yao rehani. Mwaka 1887 ukame ukaanza, thamani ya ardhi ikaporomoka, lakini deni likabaki vilevile. Mahali palipopatikana mavuno, bei haikulipa hata nauli ya kuyasafirisha kwa treni. Katika majira ya baridi ya 1889 kuingia 1890, kulikuwa na familia zilizochoma mahindi yao jikoni kwa sababu yalikuwa rahisi kuliko makaa ya mawe.

Kusini, kwenye pamba, hali ilikuwa mbaya zaidi. Ratili moja iliyouzwa kwa takriban senti 11 katikati ya miaka ya 1870 ilishuka hadi chini ya senti 5 mwaka 1894. Mkulima asiye na fedha taslimu alichukua mbegu, unga na nguo kwa mkopo dukani, akiahidi mazao ambayo bado hayajaota. Msimu ulipokwisha, mara nyingi hesabu ya mwenye duka ilizidi bei ya pamba, na mkulima aliuanza mwaka mpya akiwa mali ya duka lilelile.

Wakulima hawa walikuwa na maelezo yao kuhusu chanzo cha shida. Mwaka 1873 Bunge la Marekani lilikuwa limeacha kutengeneza dola ya madini ya fedha, na tangu 1879 noti ziliweza kubadilishwa kwa dhahabu. Watu na mazao viliongezeka, dhahabu haikuongezeka kwa kasi hiyo, na kila dola ikazidi kuwa ghali. Kwa mwenye benki hiyo ilikuwa habari njema. Kwa mwenye deni ilimaanisha kulipa magunia mengi zaidi kwa mkopo uleule.

Chombo chao cha kwanza hakikuwa chama cha siasa. Muungano wa Wakulima ulianzia Lampasas, Texas, katika miaka ya 1870, ukajaribu kununua pembejeo na kuuza pamba kwa ushirika. Kwa kuwa haukuwapokea watu weusi, mwaka 1886 ulianzishwa muungano wa wakulima weusi katika Kaunti ya Houston, jimboni humohumo. Ushirika ulikwama kila ulipohitaji mkopo wa benki. Ndipo Charles Macune, mmoja wa viongozi wa Texas, alipotoa pendekezo mwaka 1889: serikali ijenge maghala, mkulima ahifadhi humo mazao yasiyooza, apewe mkopo wa hadi asilimia 80 ya thamani yake kwa riba ndogo, kisha auze bei itakapopanda. Mkulima wa korosho wa Mtwara anayeufahamu mfumo wa stakabadhi ghalani asingehitaji maelezo mengi kuelewa Macune alikuwa akitafuta nini.

Vyama vyote viwili vikubwa vililipuuza pendekezo hilo. Kansas ikajibu mwaka 1890. Mary Elizabeth Lease wa Wichita, mwanamke aliyesomea sheria huku akifulia watu nguo, alizunguka jimbo zima akihutubia mikutano ya nje wakati yeye mwenyewe hakuwa na haki ya kumpigia kura mbunge. Jerry Simpson, baharia wa zamani aliyegeuka mfugaji, alidhihakiwa na wapinzani kwamba hana hata soksi. Aliibeba dhihaka hiyo kama jina la kampeni na kushinda kiti cha Bunge la taifa. Chama kipya kilichukua viti vitano kati ya saba vya Kansas katika Baraza la Wawakilishi. Seneta John Ingalls, aliyekuwa ofisini kwa miaka 18, akapoteza nafasi yake kwa mhariri wa gazeti la wakulima, William Peffer.

Tarehe 4 Julai 1892 Wapopulisti kutoka nchi nzima walikutana Omaha, Nebraska. Walimteua James Weaver wa Iowa, aliyepigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mgombea mwenza James Field wa Virginia, aliyepoteza mguu akipigania Kusini. Walidai kodi ya mapato inayopanda kulingana na kipato, reli na simu ziwe mali ya taifa, benki za akiba katika posta, sarafu za madini ya fedha, na maghala ya Macune. Maazimio yao yaliongeza kura ya siri na maseneta wachaguliwe na wananchi wenyewe, kwa kuwa wakati huo walichaguliwa na mabunge ya majimbo. Weaver alipata kura zaidi ya 1,000,000 na kushinda majimbo manne: Kansas, Colorado, Idaho na Nevada.

Aliyeshinda urais mwaka huo alikuwa Mdemokrati Grover Cleveland, na kwake mtu anaona jinsi uliberali wa karne ya 19 ulivyokuwa. Cleveland aliamini katika serikali ndogo, ushuru mdogo wa forodha, na dola inayosimama juu ya dhahabu. Katika muhula wake wa kwanza, mwaka 1887, alitumia kura ya turufu kuzuia dola 10,000 zilizotengwa kuwanunulia mbegu wakulima wa Texas waliokumbwa na ukame. Hoja yake ilikuwa kwamba wananchi wana wajibu wa kuitegemeza serikali, lakini serikali haina wajibu wa kuwategemeza wananchi.

Uchumi ulipoanguka mwaka 1893, msimamo huo ulimgharimu. Cleveland alilishinikiza Bunge liache kununua madini ya fedha. Mwaka 1894 alipeleka wanajeshi kuvunja mgomo wa wafanyakazi wa reli ulioanzia katika kiwanda cha mabehewa cha Pullman, karibu na Chicago. Mwaka 1895, akiba ya dhahabu ya serikali ilipokaribia kwisha, aliinusuru kwa mkataba na mabenki yaliyoongozwa na J. P. Morgan. Kwa Wademokrati wengi wa Kusini na Magharibi, rais wao alikuwa amechagua upande, na haukuwa upande wao.

Walilipiza Julai 1896. Katika mkutano mkuu wa Democratic mjini Chicago, mbunge wa zamani wa Nebraska mwenye umri wa miaka 36, William Jennings Bryan, alitoa hotuba dhidi ya dhahabu iliyowafanya wajumbe wambebe mabegani. Kesho yake alipewa tiketi ya urais. Wafuasi wa Cleveland walijitenga na kusimamisha mgombea wao, wakiona afadhali chama chao kishindwe kuliko kishinde na Bryan.

Kwa Wapopulisti, ushindi wa Bryan ndani ya chama kingine ulikuwa mtego. Mkutano wao ulifanyika St. Louis wiki mbili baadaye. Wakisimamisha mtu wao, wangegawa kura na kumpa urais William McKinley wa Republican. Wakimpokea Bryan, wangebaki chama bila kazi. Walimpokea, lakini wakamkataa mgombea mwenza wake, Arthur Sewall, tajiri wa meli na benki kutoka Maine, na badala yake wakamteua Tom Watson wa Georgia. Bryan akajikuta mgombea mmoja mwenye wasaidizi wawili. Katika mpango mzima wa Omaha, kilichosikika jukwaani kilikuwa karibu jambo moja tu: sarafu za madini ya fedha.

Bryan alisafiri kilomita karibu 29,000 kwa treni akihutubia mamia ya mikutano. McKinley alikaa nyumbani kwake Canton, Ohio, akipokea wageni barazani, huku meneja wake Mark Hanna akikusanya mamilioni ya dola kutoka kwa mabenki na viwanda. Tarehe 15 Agosti mhariri kijana wa mji mdogo wa Emporia, William Allen White, aliandika tahariri kali ikiuliza Kansas ina tatizo gani, akiwacheka Wapopulisti kwa kufukuza mitaji. Hanna aliisambaza nchi nzima. Kansas yenyewe haikushawishika, ikampigia Bryan kura, lakini McKinley alishinda taifa kwa kura za wajumbe 271 dhidi ya 176.

Chama cha Umma hakikuinuka tena. Mapendekezo yake ndiyo yaliyoendelea kuishi, moja baada ya jingine, mikononi mwa watu waliokuwa wakiyacheka. Sheria ya benki za posta ilipitishwa mwaka 1910. Mwaka 1913 katiba iliruhusu kodi ya mapato ya taifa na uchaguzi wa moja kwa moja wa maseneta. Mwaka 1933 serikali ya Franklin Roosevelt ilianza kutoa mikopo kwa dhamana ya mazao yaliyohifadhiwa ghalani, na mwaka huohuo ikaachana na dola ya dhahabu. White naye, mwandishi wa ile tahariri, alikuwa ameshamfuata Theodore Roosevelt katika chama cha Progressive mwaka 1912. Uliberali wa Marekani uliacha kumaanisha serikali inayokaa pembeni; ukawa jina la serikali inayoingilia kati, ikiendeshwa na wanasheria na wataalamu.

Kilichokosekana katika mageuzi hayo ni wakulima wenyewe, wakiwa na vyama vyao, magazeti yao na wahadhiri wao. Kusini, walichoachiwa kilikuwa kibaya zaidi. North Carolina, Wapopulisti na Warepublikani, wakiwamo weusi wengi, walikuwa wameungana na kutwaa bunge la jimbo mwaka 1894. Mnamo Novemba 1898 wazungu wenye silaha waliipindua serikali ya mji wa Wilmington na kuua watu weusi, kisha sheria mpya zikawanyima weusi kura, na wazungu wengi maskini pamoja nao. Tom Watson, ambaye mwaka 1892 aliwaambia wakulima weupe na weusi kwamba wanaibiwa na watu walewale, aligeuka kuwa mchochezi mkubwa wa chuki dhidi ya weusi, Wakatoliki na Wayahudi. Georgia ilimpeleka katika Seneti mwaka 1920.

Franklin Roosevelt alikutana na kivuli cha Wapopulisti mwaka 1935. Seneta Huey Long wa Louisiana alikuwa akitaka utajiri mkubwa uwekewe kikomo na kila familia ipewe kipato cha uhakika, na vilabu vyake vilidai wanachama 7,000,000. Uchunguzi wa siri wa chama cha Democratic ulionyesha angeweza kuchukua kura milioni kadhaa. Kiangazi hicho Roosevelt aliomba kodi kubwa zaidi kwa matajiri, na Agosti akatia saini sheria ya hifadhi ya jamii, ambayo wasaidizi wake walikuwa wakiiandaa tangu mwaka uliotangulia. Mwezi uliofuata Long alipigwa risasi Baton Rouge na kufa.

Wanahistoria nao waligawanyika. Mwaka 1955 Richard Hofstadter, akiandika baada ya misako ya Seneta Joseph McCarthy dhidi ya wakomunisti, aliwaona Wapopulisti kama watu walioililia zamani ya kufikirika na kuona njama kila mahali. Mwaka 1976 Lawrence Goodwyn alijibu kwamba walikuwa harakati kubwa kabisa ya kidemokrasia katika historia ya nchi hiyo, na kwamba ilizimwa pale ilipokubali kumezwa na Bryan. Mifano ya kuunga mkono hoja ya Hofstadter haikukosekana: George Wallace wa Alabama, mtetezi wa ubaguzi, alishinda majimbo matano mwaka 1968 akiwa nje ya vyama vikubwa, kwa kuunganisha hasira dhidi ya wasomi na hasira dhidi ya haki za weusi.

Katika miaka ya 1990 Wademokrati wa Bill Clinton walikumbatia biashara huria na masoko ya fedha. Mkataba wa biashara na Kanada na Mexico ulianza kutumika Januari 1994, na viwanda vilipofungwa, wafanyakazi wengi waliulaumu. Mwaka 2016 lawama hizo ziligawanyika njia mbili, kwa Bernie Sanders ndani ya Democratic na kwa Donald Trump ndani ya Republican.

Kansas iliwapokea wote wawili kwa namna yake. Machi 2016 Wademokrati wa jimbo hilo walimpa Sanders zaidi ya theluthi mbili ya kura zao dhidi ya Hillary Clinton, na Novemba jimbo zima likamchagua Trump. Miaka miwili baadaye, Warepublikani walipomsimamisha kwa ugavana Kris Kobach, mshirika wa karibu wa Trump, wapiga kura walewale walimkataa na kumchagua Mdemokrati wa msimamo wa kati, Laura Kelly, aliyezungumzia zaidi bajeti ya shule. Walimrudisha ofisini mwaka 2022 kwa tofauti ndogo, kisha mwaka 2024 wakampa Trump tena ushindi mkubwa. Muhula wa Kelly unakwisha Januari 2027, na katiba ya jimbo haimruhusu kugombea wa tatu mfululizo.