Sahani za Santuri na Baraza la Wasikilizaji

Leo nataka kuwaelezeni habari za chombo kilichoitwa santuri, na zaidi habari za watu waliokuwa wakiketi kukizunguka. Waimbaji wameandikiwa historia nyingi. Wasikilizaji wameandikiwa chache mno. Lakini wimbo usio na wa kuusikiliza ni kama nyavu zilizoanikwa juu ya mwamba: ni nyavu kweli, ila hazivui. Nia yangu ni kuonyesha kwamba sahani ya santuri iliweza kuhifadhi sauti, lakini maana ya sauti ile ilihifadhiwa na watu waliosikiliza pamoja, wakapambanisha wimbo na wimbo, wakabishana kwa adabu.

Kwanza chombo chenyewe. Mwaka 1877 Mmarekani Thomas Edison alitengeneza mashine iliyoweza kushika sauti ya mtu na kuitoa tena. Miaka 10 baadaye, mwaka 1887, Emile Berliner, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, akabuni njia ya kuandika sauti juu ya sahani bapa. Kwa miaka mingi sahani hizo zilifanywa kwa gundi itokayo kwa wadudu wadogo wakaao mitini huko Bara Hindi, ikichanganywa na unga wa mawe na rangi nyeusi. Sahani ilizunguka kiasi cha mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulichukua wimbo wa dakika tatu hivi. Santuri za siku zile hazikuhitaji umeme: mtu alizungusha mkono wa chuma, kamani ikakazwa ndani, sahani ikazunguka, nayo sindano ikapita katika mfereji mwembamba na kuitoa sauti. Sahani ikianguka sakafuni ilivunjika kama chungu.

Na katika habari hii yumo mfinyanzi wa vyungu. Katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880 alizaliwa mtoto wa kike akaitwa Mtumwa. Wazazi wake walikuwa watu wa asili ya utumwa, na jina lile lilimtangazia hali yake kila alipoitwa. Alifinyanga vyungu na kuviuza, wala hakupelekwa shule. Yapata mwaka 1911 alihamia mjini, akafundishwa na Muhsin Ali jinsi ya kuimba pamoja na ala, akaja kujulikana kwa jina la Siti binti Saad. Maana ya Siti ni bibi mwenye heshima. Tazameni basi safari ya mtu mmoja kutoka jina hata jina.

Muziki wa heshima wa Unguja wakati ule ulikuwa taarabu. Seyyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, aliupenda muziki wa Misri akauingiza katika jumba lake. Na mwaka 1905 kikaundwa mjini chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kingali hai hata leo. Nyimbo za majumba makubwa ziliimbwa kwa Kiarabu, na wengi waliozisikia kwa mbali walifurahia sauti pasipo kufahamu maneno. Siti naye aliimba Kiarabu, akaimba na Kihindi, lakini sifa yake kubwa ni kwamba alikiketisha Kiswahili katika kiti kile kile cha heshima.

Mwezi wa Machi 1928 Siti na wenzake walivuka bahari hata Bombay, wakaimba mbele ya mashine za kampuni ambayo sahani zake zilibandikwa jina la His Master's Voice, pamoja na picha ya mbwa asikilizaye baragumu. Katika kundi lake walijulikana watu hodari: Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Maalim Shaaban na Mbaruku Talsam. Sahani zilipofika pwani zilinunuliwa kwa wingi, hata makampuni mengine, Columbia na Odeon, nayo yakaja kutafuta sauti za Waswahili. Mwaka huo huo wa 1928 reli itokayo Tabora ilifika Mwanza. Kwa hiyo mzigo ulioshuka melini Dar es Salaam, ukiwa ni nguo au taa au sanduku la sahani, uliweza kuletwa kwa gari la moshi hata ukingo wa ziwa letu.

Lakini santuri ilikuwa na bei iliyopita mfuko wa kibarua. Ndiyo sababu historia yake katika nchi zetu si historia ya mtu mmoja aliyejifungia chumbani, bali ni historia ya baraza. Mwenye mgahawa wa kahawa alinunua santuri ili awavute wateja; mwenye nyumba aliye nayo hakuweza kuwazuia majirani wasisimame chini ya dirisha lake. Waliokosa fedha za kununua walikuwa na masikio, na masikio yao yalikuwa makali.

Walisikiliza nini? Kwanza, maneno. Mashairi ya taarabu hujaa mafumbo. Karatasi iliyobandikwa katikati ya sahani ilitaja jina la wimbo na la mwimbaji, basi. Haikueleza ni nani aliyekusudiwa wala ni jambo gani lililotendeka. Kampuni iliuza sauti, lakini ufunguo wa fumbo haikuuuza, kwa sababu haikuwa nao. Ufunguo huo ulikuwa barazani. Huyu alisema wimbo huu wamsema fulani. Yule alikataa, akataja ubeti mwingine kuwa ushahidi. Mzee aliyekuwapo jambo lilipotendeka akakata shauri, au akazidisha ubishi.

Chukueni mfano wa wimbo wa Kijiti, uliotoka katika kundi la Siti. Unasimulia habari za mwanamke mgeni aliyeuawa, na muuaji aliyetoroka akavuka bahari, huku adhabu ikiwaangukia wanawake waliokuwa pamoja na yule marehemu. Asiyejua kisa husikia sauti nzuri ya huzuni. Ajuaye kisa husikia watu wa Unguja wakiihukumu mahakama yenyewe, katika siku ambazo mtu mnyonge hakuwa na gazeti la kuandikia malalamiko yake. Je, sauti ile ingalibaki na maneno yasielezwe na mtu, tungalijua kwamba tumeshika mkononi hati ya historia? Nadhani tungaliiona kuwa ni burudani tu.

Pili, walisikiliza ufundi. Sahani za Misri nazo ziliingia pwani, za Umm Kulthum na Mohammed Abdel Wahab, na mashabiki wakazipambanisha na sauti za kwao. Huyu alisifu pumzi ndefu, yule alisifu maneno kutamkwa wazi, mwingine alisikiliza udi peke yake. Wapiga ala walijifunza kwa kurudia mahali pale pale mara nyingi, mpaka sahani ikachakaa. Hivyo santuri ilikuwa mwalimu asiyechoka, ingawa mwanafunzi wake alichoka kukaza kamani.

Ila kupambanisha kwahitaji haki, kama hakimu aamuavyo baina ya wawili. Kamani ikilegea, sahani huzunguka polepole na sauti hushuka. Msikilizaji asiye na hadhari humlaumu mwimbaji kwa kosa la mashine. Tena, kabla ya mwaka 1925 waimbaji waliimba mbele ya baragumu tu, na ala nyingi zilisikika kwa shida. Baada ya hapo maikrofoni ya umeme ilianza kutumika, ikashika hata sauti nyembamba. Si haki kumpima aliyeimba katika baragumu kwa kipimo cha aliyeimba katika maikrofoni. Na kubwa kuliko yote, sahani ilikata wimbo kwa dakika tatu. Katika usiku wa taarabu wimbo huendelea. Watazamaji husimama wakatunza, ubeti hurudiwa kwa sababu umemgusa mtu, mwimbaji huongeza neno kwa kumtazama aliye mbele yake. Haya yote sahani haikuyabeba. Sahani si wimbo mzima, kama vile picha isivyokuwa mtu mzima.

Kwa hiyo ni vema wimbo mmoja usikilizwe kwa sauti zaidi ya moja. Bi Kidude, aliyefariki mwezi wa Aprili 2013, aliziimba nyimbo za Siti, Kijiti ukiwa mmojawapo, na sauti yake ilirekodiwa kwa mashine za siku zetu. Sauti yake ilikuwa nzito, yenye ukali wa ngoma. Ukizisikiliza sahani za Siti kisha ukamsikiliza Bi Kidude, utaona kwamba wimbo si jiwe. Ni mbegu, na kila udongo huiotesha kwa namna yake. Mwanafunzi aliyesikia sauti moja tu hudhani hakuna nyingine.

Mambo haya hayakuwa ya Waswahili peke yao. Uingereza, mwaka 1923, mwandishi Compton Mackenzie alianzisha gazeti liitwalo The Gramophone, kazi yake ikiwa ni kupima sahani mpya na kuzilinganisha. Na mwaka 1932 palikuwa na jambo la ajabu zaidi. Kampuni ya His Master's Voice iliogopa hasara ya kurekodi sonata zote 32 za piano za Beethoven. Basi wapenzi wa muziki waliandikishwa katika chama, wakaahidi kununua sahani kabla hazijafanywa. Kwa ahadi zao mpiga piano Artur Schnabel akazirekodi zote, tangu 1932 hata 1935. Yaani wasikilizaji waliokubaliana waliweza kuleta duniani sahani ambazo mfanya biashara peke yake asingethubutu kuzitoa.

Sasa nirudi kwetu. Sisi wa Mkuyuni, na watu wote wa Usukuma, hatuna haja ya kufundishwa kupambanisha nyimbo, maana ni mila yetu. Wazee husimulia habari za Ngika na Gumha, mafundi wawili wa ngoma na dawa walioshindana, na wafuasi wao wakawa Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno vikundi viwili husimama uwanja mmoja, vikapiga ngoma kwa wakati mmoja, kila kimoja na mtunzi wake. Watu huenda kule wanakovutwa, na penye watu wengi ndipo penye ushindi. Hakuna hakimu wa kitini: umati mzima ni hakimu, nao huamua kwa miguu yao. Hata bugobogobo, ngoma ya majembe, ilikuwa na wasikilizaji wake waliojua ni kikundi gani kiliimba vema shambani.

Lakini tofauti iko moja, nayo ni kubwa. Hukumu ya uwanjani huisha vumbi likitulia. Siti alipata sahani, tena alipata mwandishi: Shaaban Robert aliandika wasifu wake, uliotokea mwaka 1958, miaka minane baada ya Siti kufariki mwezi wa Julai 1950. Na mwaka 2007 baadhi ya nyimbo za sahani za kale za Waswahili, zilizohifadhiwa katika British Library mjini London, zilitolewa upya. Bara nako, mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi nyimbo, hata zeze la nanga la Wahaya ng'ambo ya ziwa letu. Na mwaka 1954 akaanzisha huko Afrika ya Kusini maktaba ya muziki wa Kiafrika. Kazi hiyo ni ya kushukuriwa. Lakini ni watunzi wangapi wa Kisukuma waliowavuta maelfu, ambao leo hatuna dakika tatu za sauti zao? Na katika wale waliorekodiwa, ni nyimbo ngapi ambazo sauti ipo na kisa hakipo?

Hapo ndipo penye hatari yetu ya leo. Vijana wetu huchukua simu mkononi yenye nyimbo nyingi kuliko sahani zote za mgahawa wa zamani. Sauti hazitatupungukia. Kinachopungua ni baraza, maana kila mmoja husikiliza peke yake, masikio yakiwa yamezibwa, na wimbo ukiisha hakuna wa kumwuliza, "Hapa alikusudia nini?" Mzee ajuaye jibu ameketi nyumba ya pili, naye hasikii hata kwamba wimbo ule unapigwa.

Basi, wazazi na walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi, shauri langu ni hili. Chagueni wimbo mmoja wa kale, uwe wa pwani au wa ziwani. Utafuteni kwa waimbaji wawili. Upigeni kwa sauti ya kusikika na wote, mbele ya mzee aujuaye. Kisha andikeni katika daftari jina la mtunzi, mahali, mwaka kama wajulikana, maneno yanayotofautiana, na kisa chake kama mzee atakavyokieleza. Na wazee wawili wakitofautiana, andikeni maneno ya wote wawili. Daftari hilo liwekwe shuleni, lisichukuliwe na mtu kwenda nalo kwake. Kazi hii yataka penseli, subira, na adabu ya kumwacha mwenzio amalize kusema. Wazee wa kuulizwa wangalipo, lakini hawatatungoja sana.