Jinsi ya kutengeneza komponenti za tovuti haraka bila kumaliza bando

Je, unajifunza kutengeneza tovuti, au unasimamia ukurasa wa matangazo wa jamii yako? Mafunzo mengi ya mtandaoni hukutaka upakue mamia ya vifurushi kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Kwa anayenunua bando kidogo kidogo na kuchaji laptopu kwa sola, hilo ni gumu. Makala hii inaeleza njia nyepesi: unatumia intaneti siku ya kwanza tu, kisha unafanya kazi bila mtandao.

Komponenti ni nini?

Ni lebo ya HTML unayoitengeneza wewe mwenyewe na kuitumia kwenye kurasa nyingi. Ukirekebisha sehemu moja, kurasa zote hubadilika. Jina lake lazima liwe na kistari katikati, mfano tangazo-kadi.

Unahitaji nini?

• Kompyuta yenye Node.js, toleo la LTS. Huja pamoja na npm.
• esbuild, programu inayounganisha faili zako kuwa moja. Imeandikwa kwa lugha ya Go na hufanya kazi haraka hata kwenye kompyuta ya zamani.
• Kihariri cha maandishi chochote.

Node.js na esbuild ni za bure. Usimlipe mtu anayedai ada ya leseni.

Hatua ya 1: Pakua ukiwa na mtandao

Fungua folda mpya ya mradi, kisha andika kwenye dirisha la amri:

npm init -y
npm install --save-exact --save-dev esbuild

npm huhifadhi nakala kwenye kompyuta yako. Kwa mradi wa pili, ongeza --offline kwenye amri ya pili na hutatumia bando. Ukitaka kumpa mwenzako folda nzima kwa flashi, hakikisha kompyuta zenu ni za aina moja: esbuild ya Windows haifanyi kazi kwenye Linux.

Hatua ya 2: Panga faili

Ndani ya mradi tengeneza folda mbili: chanzo na tovuti. Katika chanzo/tangazo-kadi.js andika:

class TangazoKadi extends HTMLElement {
  connectedCallback() {
    const mwisho = new Date(this.getAttribute('mwisho') + 'T23:59:59');
    if (new Date() > mwisho) this.prepend('MUDA UMEPITA: ');
  }
}
customElements.define('tangazo-kadi', TangazoKadi);

Katika chanzo/kuu.js andika mstari mmoja:

import './tangazo-kadi.js';

Katika tovuti/index.html weka:

<tangazo-kadi mwisho="2026-03-31">Maji yatagawiwa saa 2 asubuhi.</tangazo-kadi>
<script defer src="kuu.js"></script>

Tarehe ikipita, tangazo litajitia alama lenyewe. Hili si jambo dogo: tangazo la zamani linaweza kumfanya mama atembee mbali na madumu yake na kukuta bomba limefungwa.

Hatua ya 3: Weka amri mbili fupi

Fungua package.json na ubadilishe sehemu ya scripts iwe hivi:

"scripts": {
  "fanya": "esbuild chanzo/kuu.js --bundle --outdir=tovuti --servedir=tovuti",
  "jenga": "esbuild chanzo/kuu.js --bundle --minify --outdir=tovuti"
}

Ukiandika npm run fanya, fungua localhost:8000 kwenye kivinjari. Kila ukibadilisha faili, ihifadhi na upakie ukurasa upya. Esbuild itaunda upya papo hapo. Kusimamisha, bonyeza Ctrl na C.

Kazi ikikamilika, andika npm run jenga. Amri hii hupunguza ukubwa wa faili kwa kuondoa nafasi na maelezo yasiyohitajika. Kisha pandisha folda ya tovuti peke yake. Folda ya node_modules haipandishwi.

Mambo ya kuzingatia

Weka ujumbe ndani ya lebo. Mtandao ukiwa dhaifu, maandishi hufika kabla ya JavaScript. Baadhi ya vivinjari, kama Opera Mini, havitumii komponenti hizi, lakini msomaji bado ataona ujumbe wako.

Usifiche tangazo, litie alama. Komponenti yetu husoma tarehe ya simu ya msomaji. Simu yenye tarehe isiyo sahihi ingeweza kuficha tangazo ambalo bado ni halali.

Linda taarifa za watu. Kila unachoandika kwenye JavaScript ya ukurasa kinaweza kusomwa na yeyote anayeufungua. Usiweke humo majina ya familia, namba za simu, namba za kadi za wakimbizi wala nywila.

Jaribu kwenye simu ya kawaida. Wasomaji wako wengi hawatumii laptopu. Kabla ya kutangaza kiungo, fungua ukurasa kwenye simu ya bei nafuu iliyo karibu nawe. Ukichelewa kufunguka hapo, punguza picha kwanza.

Ukikwama, soma ujumbe wa kosa kwenye dirisha la amri: esbuild hutaja faili na namba ya mstari wenye tatizo. Anzia hapo kabla ya kutumia bando kutafuta msaada.