Kutoka Luseni hadi Mbuga: Historia ya Uainishaji wa Udongo Tanganyika na Nafasi ya Istilahi katika Tathmini ya Ardhi

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya upimaji na uainishaji wa udongo Tanganyika, kuanzia kituo cha utafiti cha Amani hadi mfumo wa tathmini ya ardhi uliotolewa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) mwaka 1976. Hoja kuu ni kwamba maarifa ya udongo huleta tija pale tu yanapomfikia mtumiaji wa ardhi kwa kipimo kinachofaa na kwa lugha anayoielewa. Mradi wa karanga wa Kongwa unatumiwa kama mfano wa gharama ya kupuuza sharti hilo.

1.0 Utangulizi

Kuainisha udongo ni kazi ya sayansi, lakini vilevile ni kazi ya lugha. Mpimaji anapochimba shimo na kutazama rangi, chembechembe na tabaka za udongo, lazima hatimaye aupe jina. Jina hilo ndilo huingia katika ufunguo wa ramani, kisha katika ripoti, na mwishowe katika uamuzi wa nani alime nini na wapi. Hivyo, historia ya ramani za udongo ni pia historia ya istilahi: zilitoka wapi, zilieleweka na nani, na zilimwacha nani nje.

2.0 Majina ya wakulima kabla ya ramani

Kabla ya ramani yoyote kuchorwa, jamii za wakulima zilikuwa na uainishaji wao. Mfano ulioandikwa kwa upana zaidi ni wa Wasukuma, kusini mwa Ziwa Nyanza. Kwao, udongo mwepesi wa kichanga ulio juu ya mteremko, karibu na vilima vya mawe, huitwa luseni. Chini yake hupatikana itogolo, udongo wenye tabaka gumu lisilopitisha maji kwa urahisi. Na ibambasi, ambao ugumu wake huzidi. Bondeni kabisa ni mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Ibushi ni udongo wenye chokaa.

Majina haya hayaelezi udongo peke yake. Yanabeba matumizi pia. Luseni hulimwa mihogo, karanga na njugu mawe. Itogolo, kwa kuwa hutuamisha maji, hufaa majaruba ya mpunga. Na mbuga hustahimili mtama na pamba pale maji yasipozidi. Mkulima anapotaja jina la udongo, tayari ametaja mazao yanayowezekana na hatari zilizopo.

3.0 Amani na dhana ya katena

Utafiti wa kisayansi ulianza chini ya Wajerumani, walioanzisha kituo cha Amani katika milima ya Usambara mwaka 1902. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, mtaalamu wa udongo Paul Vageler alikuwa amechapisha tafiti kuhusu uwanda wa Mkata na Ugogo. Kituo hicho kilifufuliwa na Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1920, na hapo ndipo Geoffrey Milne alipofanya kazi hadi kifo chake mwaka 1942.

Milne alikabiliwa na tatizo la vitendo. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, udongo hubadilika mara kadhaa kutoka kileleni hadi bondeni, na mpangilio huohuo hujirudia kilima baada ya kilima. Ramani ya eneo kubwa haiwezi kuonyesha kila badiliko. Mwaka 1935 alipendekeza kwamba mfululizo mzima uchukuliwe kuwa kizio kimoja cha ramani, akauita katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Mwaka 1936 ilitolewa ramani ya muda ya udongo wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa kipimo cha 1:2,000,000, ambayo Milne aliiandaa pamoja na wanakemia wa udongo wa makoloni hayo. Dhana ya katena ilienea duniani na bado inafundishwa.

Linalohusu makala haya ni ukaribu wa katena na mpangilio wa Wasukuma. Luseni, itogolo na mbuga ni pingu za mnyororo mmoja, zikisomwa kutoka juu kwenda chini. Aidha, neno mbuga liliingia katika maandishi ya kitaalamu ya Kiingereza likiwa istilahi ya udongo mweusi wa bondeni. Ni mfano adimu wa istilahi ya sayansi iliyosafiri kutoka shambani kwenda maktabani.

4.0 Kongwa: gharama ya kipimo kisichofaa

Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza, ikikabiliwa na uhaba wa mafuta ya kula, ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield kuchunguza uwezekano wa kilimo kikubwa cha karanga. Ujumbe ulifanya kazi kwa wiki tisa, na sehemu ya uchunguzi ilifanywa kutoka angani. Mpango uliopendekezwa ulihusu ekari 3,210,000 zilizogawanywa katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, 80 kati yake yakiwa Tanganyika.

Kazi ilipoanza Kongwa mwaka 1947, lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa takribani 7,500. Sababu zilikuwa nyingi: mitambo chakavu, vichaka vigumu na mvua isiyotabirika. Udongo nao ulikuwa miongoni mwazo. Kiangazi kilipofika, ardhi ilikauka na kuwa ngumu kiasi kwamba karanga hazikung'oka kwa urahisi, huku mchanga mkali ukila majembe ya mitambo. Mapema mwaka 1951 mradi ulifutwa pamoja na takribani pauni milioni 36.

Je, ramani ya mwaka 1936 ingeuokoa mradi? Hesabu inajibu. Kwa kipimo cha 1:2,000,000, sentimita moja ya mraba huwakilisha kilomita za mraba 400. Shamba zima la ekari 30,000, sawa na kilomita za mraba 121 hivi, lingechukua chini ya theluthi moja ya sentimita ya mraba. Ramani hiyo ilitosha kuonya, haikutosha kupanga shamba. Pengo hilo lingezibwa na upimaji wa kina na kwa kuwasikiliza waliokuwa wakiishi katika ardhi hiyo.

5.0 Kutoka "udongo mzuri" hadi "udongo unaofaa nini"

Mfumo wa FAO wa mwaka 1976 ulibadilisha swali. Ardhi haihukumiwi kuwa nzuri au mbaya kwa ujumla. Hupimwa kwa matumizi mahususi, kisha huwekwa katika madaraja: S1, inafaa sana. S2, inafaa kiasi. S3, inafaa kwa shida. Na N, haifai. Bonde moja linaweza kuwa S1 kwa mpunga na N kwa mihogo. Mkulima wa majaruba haoni jambo geni hapo.

Hata hivyo, majina ya wenyeji yasitukuzwe kupita kiasi. Jina moja linaweza kuwa na maana tofauti katika vijiji viwili, na kasoro kama wingi wa sodiamu au asidi huhitaji maabara. Lugha sanifu nayo huleta utata. Kwa msomaji wa leo, mbuga ni uwanda wa nyasi au hifadhi ya wanyama; anayetafsiri ripoti bila kujua maana ya Kisukuma aweza kugeuza shamba la pamba kuwa malisho ya swala.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 zinakipa kijiji nafasi katika kupanga ardhi yake. Mkutano wa kijiji hujadili kwa Kiswahili. Ripoti inayosema "Vertisoli, S3" pasipo maelezo inawaomba wanakijiji waidhinishe wasichokielewa.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia hii inaonyesha kwamba ramani za udongo zilifaulu pale zilipokaribia maarifa ya shambani, na mipango ilianguka pale ilipoyaruka. Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, kila ramani ya tathmini ya ardhi iwe na ufunguo wenye safu tatu: jina la kimataifa, jina la wenyeji na maelezo ya Kiswahili. Pili, kipimo cha ramani kitajwe pamoja na ukubwa wa eneo dogo kabisa ambalo ramani hiyo inaweza kuliamulia. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ishirikiane na taasisi za udongo za nchi wanachama kusanifu istilahi, kwa kuwa udongo tifutifu, kichanga na mfinyanzi, tunavyofundishwa shuleni, havitoshi kueleza hata mteremko mmoja wa Usukuma.